Lenzi ya pili: mwanga kwanza, kuvuta baadaye

Taa kubwa za ukumbi zikishazimwa na MC akawaita maharusi waingie, kamera yenye lenzi ile iliyokuja nayo dukani huanza kuhangaika. Hapo ndipo wapigapicha wengi wanaoanza hutambua kwamba wanahitaji lenzi ya pili. Kesho yake napata ujumbe: "Kaka, nina laki nne, nichukue 50 au 75-300?" Namba hizo ni milimita za lenzi: ndogo huona eneo pana, kubwa huvuta vitu vya mbali. Nimepiga harusi, sendofu na kicheni pati hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na kabla sijajibu nauliza kwanza: picha zipi zimekuharibikia, na zimeharibika kwa nini?

Kwa kazi zetu hizi, picha nyingi huharibika kwa kukosa mwanga kuliko kwa kuwa mbali. Itazame lenzi yako ya 18-55, ile iliyokuja na kamera, imeandikwa 3.5-5.6. Maana yake ni kwamba ukiwa kwenye 18 tundu la ndani linafunguka hadi f/3.5, na ukivuta mpaka 55 linaishia f/5.6. Namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, na wengi huchanganya hapo. Lenzi ya 50 yenye f/1.8 inapitisha mwanga unaokaribia mara 10 ya ule wa f/5.6.

Siku moja nilijaribu zote mbili kwa bibi harusi yuleyule, kwenye kiti kilekile cha jukwaani. Ile 18-55 niliyoivuta hadi mwisho ilinidai f/5.6, shata 1/60 (kamera inapokea mwanga kwa sehemu hiyo ya sekunde) na ISO 6400 (kiwango cha kukuza mwanga, ambacho kikipanda huleta chenga). Nikafunga 50 kwenye f/2, ikaniruhusu shata 1/125 na ISO 1600. Mwangaza wa picha zote mbili ni uleule. Lakini katika ya kwanza mkono alioinua kurekebisha shela umeacha mkia, na pazia jeusi nyuma yake limejaa chenga. Katika ya pili, hina ya vidoleni unaisoma ua kwa ua.

Sasa usikimbilie 50 kabla hujapima chumba unachofanyia kazi. Kamera nyingi za bei ya kuanzia zina sensa (kipande cha ndani kinachopokea picha) ndogo inayokata picha, mara 1.6 kwa Canon na mara 1.5 kwa Nikon na Sony. Kwenye Canon hiyo, 50 inaona kama 80 inavyoona kwenye fulufremu, yaani kamera yenye sensa kubwa. Simama mita 3 kutoka kwenye kochi: 50 itakupa upana wa mita 1.3 hivi, yaani watu wawili waliobanana. 35 inakupa mita 1.9, 24 inakupa 2.8, na 18 inafika 3.7. Kama kazi yako kubwa ni bibi harusi anapopambwa nyumbani kwao, mgongo wako utagota ukutani kabla shangazi zake hawajaingia kwenye fremu. Mtu wa namna hiyo namwambia atafute 35 f/1.8 kama ana Nikon yenye sensa ndogo. Mwenye Canon ya kioo (DSLR, ile yenye kioo ndani) aangalie 24 f/2.8, ambayo urefu wake haufiki hata sentimita 2.5 na begini huisikii. Hiyo f/2.8 inazidiwa na f/1.8, ni kweli, ila bado ni mwanga mara nne ya f/5.6.

Na f/1.8 yenyewe ina gharama yake. Kwenye Canon hiyohiyo, ukisimama mita 1.5 kutoka kwa mtu kwa lenzi ya 50, sehemu inayotoka kali ina kina cha sentimita 6 hivi. Jicho litakuwa kali, hereni itafifia. Kwa sura ya mtu mmoja hilo linapendeza. Kwa watu watatu waliosimama hatua tofauti, mmoja wao atakulaumu. Mimi ukumbini nakaa f/2 hadi f/2.8, na 1.8 naiweka akiba.

Lenzi yangu ya pili mimi ilikuwa 75-300, na niliinunua kwa sababu ya ile 300. Nikaenda nayo kanisani, nikasimama nyuma kwa heshima ya ibada, nikavuta hadi mwisho. Kwa urefu ule kwenye sensa ndogo, mkono wa mtu unahitaji shata ya kama 1/500 ili picha isitikisike, na lenzi ile haikuwa na kitulizi cha mtikisiko ndani. Mwanga wa kanisa ulinipa 1/60. Picha za kuvishana pete zote zilitikisika. Naumia mpaka leo nikizikumbuka, kwa sababu hakuna wa kuniambia nirudie. Lenzi za namna hiyo zina kazi yake, kwenye mpira wa mchana au ndege ufukweni.

Ukishajua milimita unazohitaji, ndipo ulinganishe lenzi na lenzi. Kama huzijui, fungua picha zako 200 za mwisho kwenye kompyuta uone zilipigwa kwa milimita ngapi. Kila faili imeandikwa. Dukani nenda na kamera yako na ukurasa wa gazeti. Bandika gazeti ukutani, simama wima mbele yake, piga kwa f/1.8, f/2.8 na f/5.6, kisha kuza pembe zote nne kwenye skrini. Kufifia kidogo kwenye pembe kwa f/1.8 ni kawaida. Pembe moja ikififia peke yake huku tatu zikisomeka, na ulisimama sawa na ukuta, vioo vya ndani vimekaa upande. Iache, hata kama bei inavutia.

Mnaonunua mtumba Kariakoo, kuna mambo mengine. Nikon za D3000 na D5000 na wadogo zao hazina mota ya fokasi (ya kulenga ukali wa picha) ndani ya bodi ya kamera, hivyo 50 ya zamani iliyoandikwa D utaizungusha kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake ndani ya lenzi. Kwa Canon, 50 f/1.8 ya mwaka 1990 ina shingo (pale inapofungwa kwenye kamera) ya plastiki na bapa 5 zinazofunga tundu, wakati toleo la STM la 2015 ina shingo ya chuma na bapa 7, na inasogelea kitu hadi sentimita 35 badala ya 45. Kwa mtu wa pete na hina, hizo sentimita 10 zina thamani. Tena lenzi hizo za EF (mfungo wa Canon za kioo) hazitapotea ukija kuhamia Canon mpya zisizo na kioo, zenye mfungo wa RF, kwani kuna adapta inayoziunganisha na fokasi ikafanya kazi. Lenzi ya RF kwenye bodi ya zamani haiingii kabisa.

La mwisho ni kuvu, maana huku pwani unyevu haututulii. Fungua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili huku unaigeuza taratibu. Vumbi la chembe mbilitatu halidhuru. Ukiona nyuzi nyembamba kama za buibui zinazoanzia ukingoni mwa kioo, mrudishie muuzaji. Na hiyo utakayoichukua usiifungie kabatini ndani ya begi la ngozi. Iweke kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu, na vikishakaa muda mrefu uvibadilishe.