Betri ya paneli ya moto huhesabiwa, haikisiwi

Kwenye jengo la makazi watu hulala, kwa hiyo paneli ya king'ora cha moto, yaani kisanduku kinachoendesha ving'ora, lazima iwe na njia mbili za umeme: ule wa kawaida, na betri zinazoupokea papo hapo unapokatika. Jenereta haichukui nafasi ya betri. Hata iwake upesi namna gani, kuna sekunde kadhaa paneli ingezimika.

Umeme wa kawaida utoke ubao mkuu kwa waya wake peke yake na breka yake, iliyoandikwa USIZIME. Plagi ya ukutani sikubali kabisa. Mfanya usafi ataichomoa achomeke mashine yake. Wala usiuchukue kwenye mita ya mpangaji: akikatiwa umeme, jengo zima linabaki kutegemea betri.

Paneli nyingi ni za volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo. Hapo ndipo mafundi hujikwaa. Mbili za ampia-saa 7 (kipimo cha chaji ambayo betri hubeba) zikiungwa hivyo hubaki ampia-saa 7, si 14. Zinazojumlika ni volti.

Sasa hesabu. Pima mkondo wa betri paneli ikiwa kimya, tuseme ampia 0.18, na ving'ora vikilia, tuseme 1.2. Kwa saa 24 za kimya na nusu saa ya mlio: 0.18 × 24 = 4.32, na 1.2 × 0.5 = 0.6, jumla 4.92. Zidisha kwa 1.25 maana betri huzeeka, upate 6.15. Ya 7 inatosha. Ukitakiwa saa 72 unafika 16.95, nami ningeweka ya 24 kuliko kubana na ya 17, mradi chaja ya paneli inaimudu. Kiwango cha Ulaya, EN 54-4, kinataka chaja irudishe asilimia 80 ya chaji ndani ya saa 24.

Waya mrefu nao hula volti. Shaba ya milimita za mraba 1.5 ina takriban omu 12 kwa kilomita. Umbali wa mita 300, yaani waya wa mita 600 kwenda na kurudi, ni omu 7.2. Ving'ora vya ampia 0.8 mwishoni mwake hupoteza volti 5.8. Betri zikishuka hadi 20.4, huko hufika 14.6 tu, na king'ora kinachohitaji 16 hakilii.

Usidanganyike na mita kuonyesha volti 27 kwenye betri: hiyo ni ya chaja. Zima umeme wa kawaida, liza ving'ora, kisha pima kila betri peke yake. Moja ikiwa 12.3 na mwenziwe 10.6, badilisha zote mbili.