Piko na Hina: Mkemia Huzitofautishaje?

Je, ipo hina ambayo kwa asili yake ni nyeusi?
Haipo. Majani ya mhina yana rangi iitwayo lawsoni, ambayo hushika ngozi kwa rangi ya chungwa, kisha hukolea kwa siku moja au mbili hadi kuwa hudhurungi. Weusi wa piko, rangi nyeusi inayopakwa ngozini kama hina, hujitokeza haraka na mara nyingi hutokana na parafenilinidiamini, yaani PPD, kemikali iliyokusudiwa kutia nywele rangi.

Kwa nini maabara ihusishwe, ilhali aliyepakwa anajua alichopakwa?
Anajua jina aliloambiwa. Mpakaji anaweza kuapa kwa nia njema kabisa kwamba ni hina tupu, maana naye aliuziwa unga usio na maelezo.

Uchunguzi wenyewe hufanywaje?
Ugumu huanzia kwenye sampuli, kwa sababu PPD ikikutana na hewa hugeuka kuwa kemikali nyingine, na rojo la piko lililokaa wazi linaweza kuonyesha kiasi pungufu ya kile kilichogusa ngozi. Kwa hiyo sampuli huhifadhiwa kwenye chupa iliyofungwa vizuri, mahali penye baridi na giza. Na ikiwa shauri litafika mahakamani, kila aliyeishika chupa huandikwa. Mkemia huyeyusha rojo, hulidondosha kwenye kibao chenye tabaka jembamba la silika kando ya tone la PPD halisi, kisha huacha kiyeyusho kikipanda kibaoni. Madoa yakifika kimo kimoja, hiyo ni dalili tu, kwani kemikali mbili tofauti zaweza kupanda sawa. Uthibitisho hutoka kwenye kromatografia ya gesi, mbinu ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika, iliyounganishwa na spektrometa ya masi, ambayo huvunja molekuli na kupima uzito wa vipande vyake.

Majibu hayo yanamsaidia nini mgonjwa aliyedhurika ngozi baada ya kupakwa?
Malengelenge hutokea siku 1 hadi 3 baada ya kupakwa kwa mtu ambaye mwili wake umekwisha kuikataa PPD, na hali hiyo kwa kawaida hudumu maisha yote. Umoja wa Ulaya unaruhusu PPD isiyozidi asilimia 2 katika rangi ya nywele inapopakwa, na hauiruhusu kwenye ngozi. Lakini kwa mtu huyo hata kiasi hicho ni hatari, ndiyo maana anahitaji kujua kama ni PPD iliyomdhuru.

Mtu akiimeza PPD?
Koo huweza kuvimba na kuziba pumzi, na figo huweza kushindwa. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na pakiti na bakuli lililotumika, ambalo lisioshwe.