Sainasi sugu: huo usugu unatoka wapi?

Mwambie mtu una sainasi sugu, naye atasikia vijidudu. Atasikia kitu kilichojificha ndani ya fuvu na kugoma kusikia dawa, kwa hiyo kitafutiwe dawa kali zaidi. Tumezoea kusikia "usugu wa dawa", na mambo mawili yamechanganyika masikioni mwetu. Lakini sugu ya kwanza tuliyoijua ni ile ya kiganja cha mkulima, ngozi iliyosuguliwa na mpini wa jembe siku baada ya siku mpaka ikawa nene. Pale hakuna mdudu, ni ngozi iliyochokozwa kwa muda mrefu. Sainasi sugu iko karibu zaidi na kiganja hicho.

Mimi nilichelewa kulielewa hili. Kila pua ilipoziba nilikwenda duka la dawa nikanunua antibiotiki, nikapata nafuu siku kadhaa, kisha paji la uso likaanza tena kuwa zito kama limebebeshwa tofali. Nilidhani dawa ni hafifu. Kumbe nilikuwa napigana na adui ambaye, kwa sehemu kubwa, hakuwepo.

Tuanze na neno lenyewe. Sainasi ni viungo, na kila mtu anazo. Ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, jozi nne: mashavuni, juu ya nyusi, katikati ya macho, na jozi moja iliyojificha nyuma kabisa. Ugonjwa ni kuvimba kwa utando unaovifunika vyumba hivyo kwa ndani. Utando huo hutengeneza ute, na juu yake kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho vinavyoufagia ute kuelekea kwenye mlango mwembamba wa kutokea puani.

Sasa angalia chumba cha shavuni, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote. Mlango wake uko juu, karibu na dari. Ukiwa umesimama, ute lazima ubebwe kupanda, kama mtu anayefagia maji kwenye ngazi kutoka chini kwenda juu. Utando ukiwa mzima, kazi hiyo inafanyika usiku na mchana bila wewe kujua. Ukivimba kidogo tu, mlango unaziba, vinyweleo vinalemewa, ute unakaa na kuwa mzito, na ute uliokaa unazidi kuuchokoza utando. Mzunguko huo ndio usugu wenyewe.

Kwa lugha ya madaktari, sugu maana yake ni wiki 12 au zaidi. Mafua ya kawaida huletwa na virusi na huisha yenyewe, mengi ndani ya siku 10. Daktari wa masikio, pua na koo hutafuta angalau dalili mbili kati ya nne, na mojawapo iwe ya kwanza au ya pili: pua kuziba, makamasi mazito yanayotoka mbele au kuteremkia kooni, uso kuuma au kuelemewa, na kupotea kwa uwezo wa kunusa. Kisha anathibitisha kwa kuchungulia puani kwa kamera nyembamba au kwa picha ya CT. Rangi ya makamasi peke yake haithibitishi kitu. Makamasi ya kijani au ya njano yanaweza kuletwa na virusi tu.

Hapa kuna makosa mawili yanayoniuma. La kwanza ni kichwa. Watu wengi wanaosema "sainasi imenipanda" wana kipandauso: kichwa kinagonga, mwanga unaudhi, kichefuchefu kinakuja, na pua iko wazi. Hao wanahitaji tiba nyingine kabisa. La pili ni kimio. Makamasi yakiteremkia kooni usiku, mtu anakohoa kila akilala. Tanzania bado wapo wanaoamini kikohozi kisichoisha kinaletwa na kimio kirefu, na mtoto anapelekwa kwa fundi akakatwe. Watoto wamevuja damu, wamepata maambukizi, wengine wamekufa, na chanzo cha kikohozi hakijaguswa.

Tiba ya msingi ni ya bei nafuu, ila inataka subira: kuosha pua kwa maji ya chumvi, halafu kupuliza dawa ya steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe. Wanaotawadha wanajua kupandisha maji puani na kuyapenga. Kuosha kwa tiba ni ndugu wa jambo hilo, ila maji ni mengi zaidi, yana chumvi na yamechemshwa. Kikombe kimoja cha maji, kama mililita 240, kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi isiyo na madini joto ndiyo inayopendekezwa, kwa kuwa hayo madini yanaweza kuwasha pua. Yachemke kwa dakika 1 nzima, na kwa wanaoishi juu ya mita 2,000 hivi, dakika 3, kisha yapoe hadi uvuguvugu. Sharti la kuchemsha lisipuuzwe. Kuna amiba anayeishi katika maji ya uvuguvugu ambaye akinywewa hadhuru, lakini akipandia puani anaweza kufika kwenye ubongo na kuua. Ni nadra, ila ni kweli.

Tumia chupa laini ya kubinya, au bomba la sindano la mililita 20 bila sindano yake. Inama juu ya beseni, geuza kichwa upande, fungua mdomo na upumue kwa mdomo, kisha sukuma taratibu. Maji yanaingia tundu la juu na kutokea la chini. Yakichoma, mara nyingi chumvi imepungua au imezidi. Na usishangae ukiinama kufunga kamba za viatu robo saa baadaye, maji yakadondoka sakafuni. Yalikuwa yamebaki vyumbani.

Kisha dawa ya kupuliza, kama fluticasone, mometasone au budesonide. Tazama chini kidogo, tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa tundu la kulia, elekeza ncha upande wa sikio, mbali na ukuta wa katikati ya pua, na usivute kwa nguvu. Ukionja dawa kooni, umekosea. Usiihukumu kabla ya wiki 8 hadi 12. Mimi wiki ya saba nilisikia harufu ya kitunguu kikikaangwa nyumba ya jirani, nikasimama pale uani kama mjinga, nikivuta hewa.

Matone ya kuzibua pua kwa haraka ni jambo tofauti. Yanafungua ndani ya dakika chache, lakini ukipitisha siku 5 hadi 7, pua inaziba kwa sababu ya matone hayo hayo, na unakuwa mtumwa wa kichupa. Kujifukiza nyungu kunaliwaza, ila hakuondoi ugonjwa, na sufuria ya maji moto imeunguza wengi, hasa watoto. Antibiotiki zina mahali pake, pale bakteria wanapozidisha hali ghafla, na daktari ndiye wa kuamua.

Tiba ikigoma, uliza kwa nini. Upande mmoja tu unaonuka vibaya? Kagua magego ya juu, mizizi yake inakaribia sana sakafu ya chumba cha shavuni. Moshi wa kuni, sigara, vumbi, mende ndani ya nyumba? Pumu? Mwenye pumu na vinyama puani, yaani uvimbe laini unaoota kwenye utando, anaweza kuwa na mwili unaokataa aspirini na dawa za jamii yake, na kidonge kimoja kikamletea shambulio kali. Na "nyama za pua" ni jina la mambo kadhaa. Za mtoto kwa kawaida ni tezi zilizo nyuma ya pua. Uliza daktari anazungumzia zipi.

Kuhusu upasuaji, zamani walitoboa tundu chini ya chumba cha shavuni, wakitumaini ute utatiririka wenyewe. Daktari Walter Messerklinger, huko Graz, Austria, alionyesha kwamba vinyweleo huendelea kuubeba ute hadi mlango wa asili hata kama kuna tundu jingine. Ndiyo maana leo kamera hupitishwa puani na mlango ule ule wa asili ndio unaopanuliwa. Faida yake kubwa ni kwamba maji na dawa hufika ndani, kwa hiyo kuosha kunaendelea. Vinyama vinaweza kurudi. Kwa wenye vinyama vikaidi kuna sindano kama dupilumab, iliyoidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo mwaka 2019, ila bei yake ni nzito mno.

Jicho likivimba au ukianza kuona vitu viwili viwili, paji likivimba, kichwa kikiuma vikali pamoja na shingo kukakamaa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na tundu moja likiziba kwa wiki kadhaa huku likitoa damu, mtafute daktari wa pua alitazame kwa kamera.