Je, wajua kwa nini picha ya moyo inaweza kuonyesha mshipa ulioziba ilhali uko wazi?

Mgonjwa mwenye maumivu ya kifua anapandishwa kwenye mashine ya kukimbilia. Mapigo yakishapanda, anadungwa dawa yenye mionzi kidogo, kisha kamera inaangalia damu imefika wapi kwenye nyama ya moyo. Picha inatoka na doa hafifu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini, na anaambiwa huenda mshipa mkubwa wa mbele umeziba. Anapitishwa mrija ili mishipa yenyewe ikaguliwe. Yote ni safi.

Hapo kamera haijakosea. Kilicholeta doa ni umeme wa moyo. Umeme huo hushuka kwenye vyumba vya chini kwa matawi mawili, la kulia na la kushoto. Tawi la kushoto likikwama, umeme hupita kulia kwanza, kisha hupenya polepole ndani ya nyama hadi ng'ambo. Kwenye karatasi ya ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, mchoro wa vyumba hivyo vya chini, ambao kwa kawaida huisha kabla ya milisekunde 120, hutanuka na kufikia kiwango hicho au kukipita.

Kwa hiyo ukuta wa kati husinyaa mapema, peke yake. Ukuta wa nje unapokuja kusinyaa, wa kati umeshaanza kulegea. Nyama inayofanya kazi ndogo hudai damu kidogo, na kwa kuwa hainenepi vizuri inaposinyaa, kwenye picha huonekana imefifia zaidi. Tena mishipa ya upande wa kushoto hulisha nyama hasa wakati moyo umelegea. Kwa mapigo 60 kwa dakika, kila pigo lina sekunde nzima. Yakifika 150 hubaki sekunde 0.4, na muda unaoliwa zaidi ni ule wa kulegea. Ndiyo maana kukimbia hulikoleza doa. Damu imepungua kweli pale, ila hakuna kilichoziba.

Ndiyo sababu mgonjwa wa aina hii hafai kukimbizwa kwa ajili ya picha hiyo. Hupewa adenosini au dipiridamoli, dawa zinazotanua mishipa bila kuyapandisha sana mapigo. Dobutamini haisaidii hapa, kwani nayo huyakimbiza. Mwenye pumu aseme mapema, maana dawa hizo za kutanua zinaweza kumbana kifua. Na kahawa na chai ziachwe kabla ya kipimo, kwa sababu kafeini huzizuia kufanya kazi.

Aliyewekewa kifaa cha kuendesha mapigo, waya wake ukiwa chumba cha chini cha kulia, anaweza kupata doa hilohilo. Tawi la kulia likikwama, tatizo hili si la kawaida.

Eko ya moyo, yaani picha ya mawimbi ya sauti, pia inahitaji jicho zoefu: ukuta wa kati huyumba hata mgonjwa akiwa amelala, kwa hiyo msomaji hutazama kama unanenepa, si kama unasogea tu. CT ya mishipa ya moyo, yaani picha ya eksirei inayoundwa na kompyuta, huikwepa sehemu kubwa ya utata huu, kwa kuwa huangalia mishipa yenyewe.

Lakini kila doa lisibebeshwe tawi la kushoto. Likienea hadi ukuta wa mbele na ncha ya moyo, uwezekano wa mshipa kuziba kweli huongezeka, na mgonjwa huyo anastahili kuchunguzwa zaidi.