"Usile" si "usimeze dawa"

Mtu akingojea upasuaji hospitali ya Mnazi Mmoja (Unguja) au Mkoani (Pemba), akaambiwa "usile", nyumbani huelewa hata dawa ya presha iachwe. Sivyo kwa kila dawa. Atenololi, dawa ya presha, ikikatwa ghafla, moyo huenda mbio na presha hupanda. Kwa kawaida humezwa asubuhi ileile ya upasuaji kwa funda moja la maji. Losatani, nayo ya presha, ni kinyume: mara nyingi husimamishwa saa 24 kabla, maana ikikutana na dawa ya usingizi ya upasuaji huweza kuiporomosha presha. Metifomini, kidonge cha kisukari, huachwa asubuhi hiyo. Insulini hupangwa kwa hesabu ya daktari, si ya jirani. Beba vidonge na pakiti zake, umwoneshe mtaalamu wa usingizi. Na chai ya maziwa? Hiyo chakula: mwisho muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, sawa na boflo.