Mmea ukishusha lehemu, tayari ni dawa

Mimi ni mfamasia, na kila mara naulizwa kama kuna mmea unaoshusha mafuta kwenye damu "bila kemikali". Jibu langu huwaudhi wengi: mmea unaoshusha lehemu (kolesteroli) kweli una kemikali inayofanya kazi hiyo, na kemikali hiyo ina kipimo na madhara yake.

Steroli za mimea ndizo ninazozipendekeza bila wasiwasi mwingi. Umbo lake linakaribiana mno na la lehemu, kwa hiyo utumboni hugombea nafasi kwenye vichembe vya nyongo vinavyobeba mafuta kuelekea ukuta wa utumbo. Lehemu iliyokosa nafasi hutoka na choo. Gramu 2 kwa siku, pamoja na mlo, hushusha LDL, yaani lehemu mbaya, kwa takriban asilimia 8 hadi 10. Wachache waliorithi ugonjwa wa kufyonza steroli hizi kupita kiasi wasiziguse.

Berberini ni habari nyingine. Ni alkaloidi, yaani kemikali ya mimea, ya manjano na chungu kwelikweli, inayopatikana kwenye mizizi na magome ya mimea ya jenasi Berberis. Huliwezesha ini kutengeneza vipokezi zaidi vya kunasa LDL, na hushusha sukari pia; ndiyo maana wenye kisukari cha aina ya 2 huikimbilia. Lakini huzuia baadhi ya vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa, hivyo dawa nyingine unayomeza inaweza kurundikana mwilini. Mjamzito na mtoto mchanga wasipewe kabisa.

Sifa za jadi pekee hazinitoshi. Utomvu wa guguli, maarufu katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, ulipopimwa Marekani na matokeo kuchapishwa mwaka 2003, LDL ilipanda badala ya kushuka. Kwa upande mwingine, metformini, dawa ya kisukari, ina asili yake kwenye mmea Galega officinalis, ambao wenyewe una sumu. Wanakemia walitafuta molekuli ya jamii hiyo iliyo salama zaidi, na mwaka 1957 daktari Jean Sterne wa Ufaransa akachapisha matokeo yake kwa wagonjwa wa kisukari.

Kwa hiyo ukishika chupa ya dawa ya mimea, tafuta jina la kiambato hai na miligramu zake. "Dondoo miligramu 500" ni uzito wa unga mzima tu. Na kama unatumia statini, dawa ya hospitali ya kushusha lehemu, usiiache. Mwonyeshe daktari chupa hiyo kwanza.