Filamu zinapatia dalili, zinakosea muda

Mtu akishajua kwamba mimi ni daktari wa magonjwa ya akili, haichukui muda ataniuliza kuhusu filamu fulani: hivi mgonjwa wa kweli ndivyo anavyokuwa? Anategemea nianze kuorodhesha dalili zilizokosewa. Zipo, lakini zimepungua. Waigizaji siku hizi hukaa na wagonjwa na kujifunza kabla ya kuigiza. Kinachonisumbua ni kingine. Filamu ina saa mbili, ugonjwa una miaka. Ili miaka iingie ndani ya saa mbili lazima kitu kikatwe, na kinachokatwa karibu kila mara ni kilekile: matibabu yenyewe, yale ya kawaida, yanayokwenda polepole na kusaidia kwa kiasi.

Kuwa na mtaalamu pembeni hakuondoi tatizo hilo. Spellbound ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1945, ilikuwa na mshauri wa kweli, Dkt. May Romm, aliyekuwa akimtibu mtayarishaji wa filamu hiyo, David O. Selznick. Jina lake limo kwenye utambulisho wa filamu. Na bado mgonjwa anapona pale anapokumbuka ajali ya utotoni iliyomuua ndugu yake, tena akiwa anateleza kwenye theluji pamoja na daktari wake, ambaye wakati huo wameshapendana. (Kuhusu daktari kupendana na mgonjwa wake sitasema kitu, ni kosa la kunyang'anywa leseni.) Kumbukumbu moja imerudi, ugonjwa umeondoka. Filamu nyingi zimerithi mpango huo, na wagonjwa nao wameurithi kutoka kwenye filamu. Wengine huja kwangu wakiamini kuna tukio moja limefichika kichwani, na kazi yangu ni kulichimbua. Utoto una nafasi yake katika tiba ya mazungumzo, lakini mtu mwenye sonona kali, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, akikumbuka jambo zito hainuki kitandani siku hiyo hiyo.

Filamu iliyonipa kazi kubwa kuliko zote ni One Flew Over the Cuckoo's Nest ya Milos Forman, ya mwaka 1975. Ni filamu bora, nasema bila kusita. Ilipata Tuzo tano kuu za Oscar, na ilipigwa ndani ya hospitali halisi ya magonjwa ya akili mjini Salem, jimbo la Oregon, Marekani. Mkuu wa hospitali hiyo, Dkt. Dean Brooks, aliigiza kama daktari, na baadhi ya wagonjwa wake walishiriki katika kazi ya utengenezaji. Ukiangalia nyuso za wale wanaume wakiwa wameketi kwenye duara, ule uchovu wa wodi ambayo kila siku ni sawa na jana, unaona mwongozaji alikuwa na macho.

Lakini ipo ile sehemu ya umeme. McMurphy, mgonjwa aliyeigizwa na Jack Nicholson, analazwa mezani akiwa macho, anapakwa mafuta pande mbili za kipaji cha uso, anapewa kitu cha kung'ata, wahudumu wanamshika, umeme unapita na mwili unajipindapinda. Na amepelekwa pale kwa sababu ya vurugu wodini. Ni adhabu iliyovaa koti la tiba. Je, jambo hilo limezushwa? Hapana. Tiba ya umeme ilianza Roma mwaka 1938, kwa mikono ya Ugo Cerletti na Lucio Bini, na miaka ya mwanzo ilitolewa bila dawa ya usingizi. Wapo waliovunjika mifupa. Zipo pia hospitali zilizoitumia kutisha wagonjwa wasiotii. Filamu haikuusingizia uwanja wetu dhambi usiyoifanya.

Shida ni kwamba picha hiyo imegandishwa. Leo mgonjwa anapigwa nusu kaputi, anapewa dawa ya kulegeza misuli na kuwekewa oksijeni. Umeme unapita kwa sekunde chache, na ubongo unapata mshtuko kama wa kifafa kwa muda ambao mara nyingi haufiki dakika moja. Ukisimama pembeni huenda usione zaidi ya vidole vya mguu vikitikisika. Hurudiwa mara mbili au tatu kwa wiki, na kwa kawaida mizunguko huwa kati ya 6 na 12. Madhara yapo na huwa nayataja kabla sijaulizwa: kichwa kuuma, kuchanganyikiwa kwa muda baada ya kuamka, na kusahau mambo ya kipindi kile cha matibabu. Kwa baadhi ya watu, mapengo ya kumbukumbu hubaki. Ila kwa mtu aliyeacha kula na kunywa kwa sababu ya sonona, au aliyeganda kama gogo bila kusema wala kujigeuza, ni miongoni mwa tiba zenye nguvu kuliko zote tulizonazo.

Sasa jaribu kumweleza hayo mama ambaye binti yake hajala wiki nzima. Anakusikiliza kwa heshima, anaitikia, halafu unaona kabisa kwamba kichwani mwake Nicholson anajipindapinda pale mezani. Wapo ambao hawajawahi hata kuiona filamu yenyewe; wamepata picha hiyo kutoka kwa vichekesho, tamthilia na filamu za kutisha zilizoiiga. Siwalaumu. Sijawahi kuiona filamu ambayo mzee analetwa akiwa bubu kwa huzuni, anatibiwa kwa umeme mara nane, halafu asubuhi moja anaomba chai.

A Beautiful Mind ya Ron Howard, ya mwaka 2001, ni kesi ngumu zaidi kwa sababu inamhusu mtu wa kweli, mwanahisabati John Nash, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1994. Katika filamu anaona watu: rafiki wa chuo, mtoto wa kike, jasusi wa serikali. Nash halisi alisumbuliwa na imani zisizo na msingi, na baadaye sauti. Skizofrenia, ugonjwa aliokuwa nao, mara nyingi huingia kwa masikio kuliko kwa macho. Ila kosa hilo nalisamehe, kwa sababu limeleta faida kubwa. Kwa karibu nusu ya filamu mtazamaji naye anaamini. Jasusi ni jasusi, hatari ni hatari. Ukweli unapofichuka unahisi umedhulumiwa, na hapo ndipo unapoelewa jambo ambalo mihadhara yetu hushindwa kulieleza: imani potofu ikiwa ndani ya kichwa chako haina ladha ya ugonjwa. Ina ladha ya ukweli.

Nisichokisamehe ni namna anavyotoka. Nash anagundua kwamba yule mtoto hakui, umri wake ni uleule miaka yote, basi hawezi kuwa wa kweli. Hoja safi ya mwanahisabati. Ndugu wa wagonjwa huipenda sana, wanakuja na ushahidi, risiti na mashahidi, wakitumaini kumshinda mgonjwa kwa hoja. Mgonjwa hashindwi kwa hoja. Anazimeza zote na kuzigeuza sehemu ya njama, na wewe mleta hoja unaweza ukaandikwa kwenye orodha ya maadui.

Halafu kuna suala la dawa. Nash wa kwenye filamu anasema anatumia dawa mpya. Nash halisi hakutumia dawa tangu mwaka 1970. Mwenyewe alieleza kwamba mwandishi wa filamu alihofia watazamaji wangeacha dawa zao. Kama daktari naielewa hofu hiyo, na kama ningeulizwa ningekuwa nayo. Hata hivyo nadhani walikosa filamu bora zaidi: mtu anayepata nafuu taratibu kwa miaka mingi, akizungukwa na mke wa zamani aliyempa pa kulala na chuo kilichomwacha azurure maktaba bila kumfukuza. Wapo wagonjwa wachache wanaopata nafuu bila dawa, wengi wanaoacha huugua tena, na hatuna njia ya kuwatambua mapema kwa uhakika. Hilo lingesemeka.

Kuhusu wauaji, nitapita haraka. Tangu Psycho ya 1960 hadi Split ya 2016, ugonjwa wa akili umekuwa njia rahisi ya kueleza kwa nini mtu ameshika kisu. Hatari ya vurugu hupanda kiasi kwa watu wenye saikosisi (hali ya kupoteza mguso na uhalisia) isiyotibiwa, hasa pombe na dawa za kulevya zikiingia. Lakini wagonjwa walio wengi hawamdhuru mtu, na mara nyingi zaidi wao ndio wanaopigwa, kuibiwa na kubakwa.

Zipo zinazopatia muda. Katika Melancholia ya Lars von Trier, ya 2011, kuna mwanamke anayepelekwa kuoga na dada yake, na mguu haunyanyuki kuvuka ukingo wa beseni. Anapikiwa chakula anachokipenda, analia kwa sababu kina ladha ya majivu. Hakuna maelezo, hakuna daktari. The Father ya Florian Zeller, ya 2020, inabadilisha samani za nyumba bila kukwambia, na binti wa mzee anachezwa na waigizaji wawili, ukichanganyikiwa, umefika pale alipo mzee. Hiyo ndiyo ninayowapendekezea watu wanaomuuguza mzee mwenye dimensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na fahamu, ila wasiiangalie usiku.

Na kuna dakika chache ndani ya Silver Linings Playbook, ya 2012, ambazo wagonjwa wangu wa baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, hucheka wakizitaja. Pat na Tiffany wamekaa kwenye chakula cha jioni na wenyeji wao, wanaanza kulinganisha dawa walizowahi kutumia na jinsi zilivyowapumbaza, wakati wenzao wametoa macho. Ndivyo watu wanavyoongea kwenye benchi la kliniki, kwa majina na kwa mzaha. Baadaye filamu inageuka ya mapenzi na dansi na kila kitu kinakaa sawa. Mimi ningetaka kuendelea na wale wawili miaka sita mbele: Pat anatumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, mikono inatetemeka kidogo akishika kikombe, kila baada ya miezi kadhaa anatoa damu kupima kiwango cha dawa, figo na tezi ya shingo, na Tiffany amejifunza kumuuliza amelala saa ngapi bila kumfanya ajione anachunguzwa.